Istilahi ya Ufungamano katika Michoro ya Obitali za Molekuli

Mwanafunzi wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha huikuta kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Hatimaye afikapo kwenye michoro ya obitali za molekuli, ni rahisi akariri kanuni tupu: toa, kisha gawanya kwa 2.

Watoholewao “oda ya bondi” hawasaidiki. Dukani oda ni agizo la bidhaa. Mtaani bondi ni rehani. “Kifungo” nacho (msomaji asicheke) humpeleka mtu gerezani. Afadhali “kiwango cha ufungamano”, na obitali ziitwe “fungamanishi” na “pinzani”. Hapo istilahi yenyewe hueleza sababu ya kutoa: elektroni pinzani hudhoofisha kile kinachojengwa na elektroni fungamanishi. Katika ganda la nje, molekuli ya oksijeni ina elektroni fungamanishi 8 na pinzani 4. Tofauti ni 4, nusu yake 2. Atomu mbili za heliamu zikikutana, 2 kwa 2, hubaki 0, wala molekuli ya kawaida haiundiki.

Kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba kazi hii yawezekana. TATAKI, iliyoirithi TUKI, ingeweza kuanza na maneno haya matatu.