Dawa za samaki ziandikwe daftarini

Mfugaji anayemdunga ng'ombe wake dawa ya ugonjwa wa kiwele hujua kwamba maziwa ya siku hizo hayauzwi. Daktari wa mifugo amemwonya, na somo la kilimo katika shule zetu limefundisha kwa miaka mingi kuwa afya ya mifugo sharti iwekewe kumbukumbu. Iweje, basi, samaki awe mfugo usio na daftari?

Nauliza kwa kuwa ufugaji wa samaki si kazi ya wachache tena. Tangu Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka 2009 uchimbe vidimbwi katika maeneobunge mengi, na vizimba kutandazwa katika Ziwa Victoria, ngege wa kufugwa amekuwa kitoweo cha kawaida. Pamoja naye zimekuja dawa: chumvi na formalini za kuua vimelea, antibiotiki zinazochanganywa na chakula, na homoni wanayolishwa vifaranga kwa wiki tatu au nne ili wote wawe madume, maana madume hukua upesi.

Sisemi kwamba zote ni sumu. Ile rangi ya kijani iitwayo malakaiti imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa huko Ulaya na Marekani, na haina nafasi hapa. Nyingine zina manufaa, mradi siku za kungoja ziheshimiwe kabla ya kuvua. Hapo ndipo penye kizungumkuti. Mwili wa samaki huondoa dawa upesi au polepole kulingana na joto la maji. Ndiyo sababu maagizo ya Ulaya ya mwaka 2001, kwa dawa isiyosajiliwa kwa samaki wanaotibiwa, yalizidisha siku kwa digrii za joto, jumla isipungue 500. Maji ya digrii 25 yatadai siku 20. Ya digrii 20, siku 25. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hii. Ataifanyaje, lakini, ikiwa hakuna aliyeandika dawa ilitiwa lini?

Asiyesadiki na akumbuke mwaka 1999, Muungano wa Ulaya ulipowafungia soko samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Wale hawakuwa samaki wa kufugwa, naam, lakini waliovua kwa nyavu halali walifungiwa mlango pamoja na wenye sumu, kwani minofu haisemi aliyeivua.

Serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye maafisa wa uvuvi nyanjani, hazina budi kumdai kila mfugaji daftari lenye tarehe, jina la dawa, kipimo, aliyeiagiza, joto la maji na siku ya kwanza ya kuvua. Mwenye duka la dawa za mifugo naye asiuze antibiotiki bila cheti cha daktari. Shule zenye vidimbwi zaweza kuanza muhula ujao. Daftari la kurasa 48 latosha.