Jina Lisilorithiwa

Mwaka 1978, Mwingereza David Attenborough alifika katika milima ya Virunga, nchini Rwanda, akapigwa picha za sinema akiwa kati ya gorila. Hata kwao Uingereza jina hilo la Attenborough si la watu wengi. Ni jina la ukoo lililotokana na mahali. Kipo kijiji chenye jina hilo hilo katika jimbo la Nottinghamshire. Desturi ya kurithishana majina ilienea huko baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Smith, yaani mhunzi, likawa la wengi, kwa kuwa wahunzi walikuwa kila mahali. Jina la mahali padogo lilibaki kwa wachache, na ukoo uliokosa watoto wa kiume mara nyingi ulizikwa pamoja na jina lake.

Huko Nengo, mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, desturi ni nyingine. Kwa mila ya Kinyarwanda, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Siku ya nane watoto wa majirani hulishwa na kupendekeza majina, kisha wazazi huamua. Baba aweza kuitwa Habimana, yaani Mungu yupo. Mwanawe Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye. Na mtoto wa nane Minani. Mke naye hubaki na jina lake. Hula chungu kimoja, lakini majina yao hayafanani.

Desturi hii ina heshima yake, ila ina mzigo pia. Mwezi Julai 1994, wakimbizi walipomiminika Goma kupitia Gisenyi, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Jina la mtoto halikuonyesha ni wa nani, na wachanga hawakuweza hata kulitamka. Ikabidi Msalaba Mwekundu na UNICEF wapige picha za nyuso za watoto na kuzionyesha kwa watu, ili jamaa zao wawatambue.

Askari huhamishwa, na pengine hutangulia bila jamaa yake. Basi kila mtoto na aandikishwe mapema, cheti chake kionyeshe majina ya baba na mama, na nakala yake itunzwe mahali pa pili. Tena mtoto afundishwe kuyataja majina ya wazazi wote wawili, pamoja na mtaa wake, kabla hajajua kuhesabu. Pasipo na jina la ukoo, ulimi wa mtoto na karatasi ya mzazi ndivyo vinavyomrudisha nyumbani.