Msizisugue Rupia za Mjerumani

Ukiokota sarafu ya zamani, jambo la kwanza ni kuing'arisha. Ndivyo watu wengi wanavyoamini Nachingwea, na Ruangwa hali ni hiyohiyo. Mtu yuko shambani anapalilia mikorosho, jembe linagonga kitu kigumu, anakuta rupia yenye kichwa cha Mjerumani. Kabla jua halijazama rupia imeshakamuliwa ndimu, imepakwa majivu na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Wenye pupa zaidi huitumbukiza kwenye maji ya betri. Kesho yake inametameta, na mwenyewe ana hakika kwamba ameipandisha bei. Ameiharibu, na uharibifu huo hauna dawa.

Ichukue rupia ya fedha iliyotolewa baada ya mageuzi ya sarafu ya mwaka 1904, rupia moja ilipoanza kuhesabiwa kwa heller 100. Ziligongwa Ujerumani kwenye viwanda viwili, na kila kiwanda kiliweka alama yake: A kwa Berlin, J kwa Hamburg. Herufi hiyo haizidi punje ya ulezi. Rupia mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei kwa sababu ya herufi hiyo tu, maana kiwanda kimoja kiligonga nyingi na kingine chache. Waya na asidi huanza kula vile vilivyoinuka: herufi, tarakimu za mwaka, manyoya ya tai aliyekaa juu ya kofia ya Kaisari Wilhelm. Ule weusi unaoonekana kama uchafu ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa, kwa hiyo anayeusugua anaondoa fedha.

Pesa za shaba za kampuni ya Wajerumani, zilizotolewa kuanzia 1890, ndizo zinazoumia zaidi. Upande mmoja zina tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307 kwa zile za kwanza. Ardhini shaba hujijengea gamba la kijani au kahawia, na mara nyingi maandishi yaliyosalia yamo ndani ya gamba hilo. Liondoe, mkononi utabaki na kipande cha shaba kisichosema lolote.

Najua jibu la wauzaji: mnunuzi anataka kinachong'aa, ukimpelekea chafu atakupunja. Mnunuzi yupi huyo? Sonara anaweka mizani. Rupia ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake 917 ni fedha. Ikiwa nyeusi au nyeupe, atalipia uzito, kwa hiyo kung'arisha kwako hakujaongeza hata shilingi. Mkusanyaji naye ana kioo cha kukuzia. Mikwaruzo ya waya anaiona papo hapo, na hapo ndipo bei inaposhuka. Sijaona soko la tatu ambalo mng'aro huo unalipwa. Na zile shilingi za simba za Mwingereza, ambazo watu hudhani ni fedha tupu, hadi zile za 1946 zilikuwa na robo tu ya fedha. Kuanzia 1948 hazina hata chembe. Hapo hata sonara hakuhitaji.

Kuna kundi la pili, vijana wa simu na detekta. Ruangwa kuna dhahabu, na palipo na dhahabu mashine hizo hazikosekani. Ikilia juu ya rupia, kijana anaingia mtandaoni, anaona rupia kama yake ndani ya kasha la plastiki ikiuzwa kwa dola, na anaamini kwamba kasha ndilo lililoleta utajiri: ipelekwe Marekani, ipewe daraja, maisha yabadilike. Kampuni mbili kubwa za kazi hiyo, PCGS ya 1986 na NGC ya 1987, hupanga sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya William Sheldon mwaka 1949. Sarafu iliyosuguliwa kwa kawaida haipewi namba. Inafungwa kwenye kasha na kuandikwa kwamba ni halisi ila imesafishwa. Iliyoliwa na udongo nayo huandikwa ulemavu wake. Sarafu zetu nyingi zimelala ardhini miaka mia na zaidi, zikinyeshewa kila msimu. Utalipa ada, utalipa usafirishaji wa kwenda na kurudi, ili uandikiwe kasoro ambayo macho yako yalishaiona.

Nakubali kuna sarafu zinazostahili safari hiyo. Rupia 15 za dhahabu za mwaka 1916, zenye picha ya tembo, zilizogongwa kwenye karakana ya reli Tabora kwa dhahabu ya Sekenke, zilikuwa kama 16,000 tu, na za bandia zimejaa. Mwenye nayo apate uthibitisho wa wataalamu. Ila dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo hata hiyo haina sababu ya kusuguliwa.

Jambo linaloniuma kuliko bei ni hili. Karakana hiyo ya Tabora iligonga pia heller 20 za shaba na za shaba ya njano, kwa wingi, kwa mikono ya haraka ya vita. Ukikuta moja mnadani Ulaya, ni sarafu ya kawaida. Ikipatikana kwenye shamba la Ruangwa, ni habari nyingine. Jenerali Kurt Wahle, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani upande wa Tabora mpaka mji ulipoanguka Septemba 1916, mwaka uliofuata alikuwa huku kwetu akipigana upande wa Lindi, na Oktoba 1917 alikuwa kwenye mapigano makali ya Mahiwa. Askari na wapagazi walitembea nchi nzima wakiwa na mishahara yao kiunoni. Heller moja ya Tabora ikijulikana ilitoka shamba gani, kijiji gani, kina gani, inaweza kutueleza njia waliyopita watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Vivyo hivyo senti za tundu zinazotoka kwenye mashamba ya mradi wa karanga Nachingwea, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Kasha la Marekani halina nafasi ya kuandika jina la kijiji.

Tena tuko mkoa mmoja na Kilwa, ambako masultani waligonga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mjerumani. Moja ilipatikana hadi Zimbabwe Kuu. Hizo ni nyembamba, na maandishi yake hayahimili hata ukucha. Kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba kukitafuta bila kibali ni kosa. Usafishaji wake ni kazi ya wahifadhi wa makumbusho, wanaofanya chini ya darubini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiokota sarafu, ipige picha ikiwa na udongo wake. Andika jina la shamba, kijiji na tarehe. Udongo ukizidi, iloweke kwenye maji safi, itoe, iache ikauke yenyewe bila kufutwa kwa nguvu. Ihifadhi peke yake kwenye karatasi kavu, mbali na jasho na sarafu nyingine. Ikiwa na maandishi ya Kiarabu yasiyo ya kampuni ya Mjerumani, toa taarifa serikali ya kijiji kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Na maofisa utamaduni wa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa waende vijijini kabla ya msimu wa kulima kuanza, wawaambie wakulima na wachimbaji wasizisugue.