Mama, unataka kesi au unataka hela yako?

Na Shomari wa Narung'ombe

Jumanne ya wiki hii, kona ya Msimbazi na Mchikichi, nimeshuhudia mwizi akikamatwa mchana kweupe, mali mkononi, mashahidi wamejaa mpaka katikati ya barabara. Alasiri nikampita yuko nje, anakunywa kahawa na kashata. Hakutoa hongo hata senti tano. Nalisema hilo mapema ili wale wasomaji wangu ambao kila ugonjwa wa polisi wanauita rushwa waweke kalamu chini. La Jumanne ni baya zaidi ya rushwa, kwa sababu kila mtu alifuata utaratibu.

Mama mmoja wa Masasi alikuwa amesimama mbele ya duka la vitenge. Akina mama hawa wa mikoani mnawajua. Wanashuka usiku, wanalala kwa ndugu Mbagala, asubuhi wako Kariakoo, mtaji umo ndani ya pochi, pochi imefungwa kwenye khanga, khanga imekazwa kiunoni, na bado mkono hauishi kupapasa. Ile anafungua khanga alipe, ikapita bodaboda ya vishandu. Aliyekaa nyuma akanyakua pochi kama mwewe, hao wakachoma mafuta.

Lakini Kariakoo ina ulinzi wake usiokuwemo kwenye bajeti ya serikali, nao unaitwa foleni. Bodaboda ikabanwa kati ya mkokoteni wa marobota ya mitumba na Noah iliyokuwa inarudi nyuma bila kuangalia. Dereva akachomoka kwa upenyo wa sentimita. Abiria wake akabaki chini, pochi kifuani, amezungukwa na wasukuma mikokoteni ambao hawana mchezo na mtu anayewachelewesha.

Kabla vumbi halijatulia nikasikia sauti ikiuliza tairi liko wapi. Mwenye duka la vitenge, Mpemba mtu mzima, akajitosa katikati na kanzu yake. "Mpelekeni kituoni. Hapa msinichomee mtu mbele ya duka langu." Alikuwa anamwonea huruma kijana au vitenge, hilo ni lake na Mola wake. Tukaenda kituoni.

Kituo sikitaji. Atakayekisia akisie kimoyomoyo.

Kaunta tulimkuta afande kijana, mpole, mwenye adabu kuliko wajukuu zangu wote wakijumlishwa. Akatuamkia. Akaandika namba ya RB kwenye kipande cha boksi la dawa ya mbu. Kisha akasema kwa aibu kwamba karatasi za kuandikia maelezo zimekwisha, kama kuna mtu anaweza kusogea duka la steshenari hapo nje. Mpemba akasogea, akarudi na rimu nzima. Kalamu akatoa mama. Kwa hiyo mpaka hapo mwizi ameletwa na wasukuma mikokoteni, karatasi imetoka dukani, wino umetoka Masasi, na dola imechangia benchi.

Pochi ikafunguliwa, hela zikahesabiwa mbele ya wote: milioni moja na laki nane, noti kwa noti. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza, akanyoosha mkono.

"Hapana, mama. Hiki ni kielelezo."

"Ni nini, baba?"

"Kielelezo cha kesi. Zitakaa hapa mpaka shauri liishe."

"Litaisha lini?"

"Inategemea upelelezi, mama."

Mama akamweleza kwamba basi lake linaondoka alfajiri, kwamba hela ile nusu yake ni ya kikoba, kwamba wenzake wanasubiri mzigo. Afande akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainama juu ya kaunta, akashusha sauti, na bila kebehi yoyote akamuuliza: "Mama, unataka kesi au unataka hela yako?"

Ningekuwa na uwezo, swali hilo ningelichonga kwenye jiwe pale Mnara wa Askari, Posta, watalii walipige picha.

Mama hakuchukua muda. Akaandika, kwenye karatasi ya Mpemba, kwamba amemsamehe kijana na hana shida naye, ni sawa na mwanawe. Mwanawe huyo akamshika miguu, akashukuru, akatoka. Mashahidi tukatawanyika kwa furaha, maana hakuna aliyekuwa na nauli ya kwenda mahakamani kila tarehe inapotajwa.

Sasa niambieni huyu mwizi kafunzwa nini. Amejifunza kwamba siku akikosa bahati kabisa, akakamatwa na kila kitu, gharama yake ni kurudisha alichokiiba na kuitwa mwana. Hakuna biashara Kariakoo yenye hasara ndogo kiasi hicho. Wamachinga wenzake wa Mtaa wa Kongo wanapoteza zaidi mvua ikinyesha.

Shemeji yangu wa Buguruni (ndiyo, yule wa sabuni, na msianze tena kuniandikia) ana msimamo wake. Mwaka ule aliponunua simu Mtaa wa Aggrey, akafika nyumbani, akafungua boksi na kukuta kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa ufundi mkubwa, alikwenda kuripoti. Akaambiwa sabuni ibaki kama kielelezo. Akakataa, akarudi nayo Buguruni, wakafulia. Mpaka leo anasema yeye ndiye mlalamikaji pekee aliyewahi kutoka kituoni na faida.

Wanasheria wataniambia kwamba sheria inamruhusu hakimu kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe, na kwamba noti zinaweza kupigwa picha, picha ikafanya kazi ya ushahidi. Ahsanteni, mawakili wasomi. Ila ili ufike kwa hakimu huyo lazima kwanza uvuke kaunta, na kwenye kaunta ndiko kesi za jiji hili zinakozikwa. Zamani tulikuwa tunazizika mahakamani, Kisutu. Mnaukumbuka wimbo: wakili wa serikali anasimama, "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine," na mshtakiwa anazeekea rumande. Mwaka 2022 Bunge likarekebisha sheria: ukiacha makosa mazito, mtu asifikishwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike. Sheria nzuri, niliisifu hapa hapa. Imemwondoa mtu rumande. Haikumwongezea mpelelezi karatasi. Wimbo umehama Kisutu tu, sasa unaimbwa kituoni, bila hakimu wa kuusikia.

Na mwisho wa mwaka kamanda atasimama mbele ya kamera, kofia imenyooka, atutangazie kwamba uhalifu umepungua. Hatakuwa amesema uongo. Jumanne ya mama wa Masasi haimo kwenye daftari lake. Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na kila mmoja wao akiamua kusamehe, Dar es Salaam itakuwa na amani kuliko peponi.

Tangu Septemba 7, 2017, siku Tundu Lissu alipomiminiwa risasi Dodoma, na hakuna aliyepandishwa kizimbani kwa tukio hilo, tumezoeshwa kwamba matendo makubwa hufanywa na watu wasiojulikana. Haya. Wa Jumanne alijulikana. Alijulikana jina, mtaa, mpaka kijiwe anachoshinda. Alikosa tu mtu wa kumshtaki.

Dawa zinazotolewa nazijua zote. Septemba 2022, vijana wa genge la Panya Road walipoingia majumbani na mapanga, polisi wakaua watuhumiwa kadhaa na jiji likapiga makofi. Maiti haina haja ya jalada, haina haja ya shahidi, haina haja ya rimu. Ni upelelezi wa bei nafuu, ndiyo maana unapendwa, na aliyekuwa anatafuta tairi pale Msimbazi anafuata hesabu hiyo hiyo bila kuvaa sare. Kisha polisi hao hao wanatuonya tusijichukulie sheria mkononi. Tuichukulie wapi, wakati mkononi mwao imeishiwa karatasi?

Tukaundiwa pia Tume ya Haki Jinai, Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Julai 15 mwaka huo huo ikakabidhi ripoti. Ikataka upelelezi uwe na chombo chake huru, ikataka Jeshi la Polisi ligeuzwe liwe la kutoa huduma. Wakenya waliligeuza lao kuwa Huduma ya Taifa ya Polisi tangu Katiba ya 2010, na ukitaka kicheko cha bure, muulize mtu wa Nairobi amehudumiwaje. Mimi sidai jina jipya. Nadai mambo ya kawaida kabisa: noti zipigwe picha, mama asaini, aondoke na hela zake, mwizi abaki. Hiyo haihitaji tume. Inahitaji simu ya afande, na ile aliyokuwa nayo Jumanne ina kamera tatu.

Na msiniambie serikali haina watu wala uwezo. Kariakoo ikifika habari ya risiti ya mashine, uwezo unaonekana. Ulionekana mpaka wafanyabiashara wakafunga maduka Mei 2023 kwa kuchoshwa na kamatakamata, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja mwenyewe Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Mnunuzi akitoka dukani na fulana moja bila risiti, anadakwa kabla hajavuka barabara, na hakuna anayemwomba achangie karatasi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa akina mama wa Masasi, Njombe na Kahama ni mmoja. Mkiporwa Kariakoo, msipige kelele za mwizi, hizo zimezoeleka. Pigeni kelele kwamba kuna kijana amebeba mali ya milioni moja na laki nane, na hana risiti.