Shamba Lililomo Utumboni

Wako wazazi wamnyimao chakula mtoto anayehara, wakisema, "Tumbo na lipumzike." Sisi twawaomba wafikiri tena.

Utumbo mwembamba ukitazamwa kwa hadubini, ukuta wake waonekana umejaa vijidole, vimesongamana kama mtama mchanga katika mashamba yetu ya Naipingo. Urefu wa kila kimoja hupata milimita 1 au pungufu. Ndani yake mna mishipa ya damu, ambayo huchukua chakula kilichokwisha kusagika. Juu yake pana safu moja tu ya chembe hai, nazo hufa na kuzaliwa upya kila siku 3 hadi 5.

Maradhi ya kuhara mara nyingi huviharibu vijidole hivi. Je, vitaota tena kwa nini, ikiwa mtoto hali? Shamba likiliwa na nzige, mkulima halinyimi mbegu. Basi mtoto aendelee kunyonya, apewe uji kidogo kidogo, tena anywe maji ya chumvi na sukari yatengenezwayo kwa pakiti za zahanati. Maana chumvi na sukari hupenya ukutani pamoja, na maji huzifuata. Akilegea, au choo kikiwa na damu, mpelekeni zahanati upesi.