Kifua cha Mfanyakazi Chataka Nesi Aliyefundishwa



Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Fedha hizo ni jasho letu, basi yatupasa kuuliza: mwenzetu akistaafu akarudi kwao Migori au Homa Bay, naye ana ugonjwa wa mapafu wa siku zote, ule wa pumzi fupi usiopona, atamkuta nani katika dispensari?

Mara nyingi atamkuta nesi mwenye bidii ambaye ugonjwa huo hakufundishwa vema. Mtu akikohoa miezi na miezi, hudhaniwa ni kifua kikuu. Makohozi hupimwa, vijidudu havionekani, na bado wengine hupewa dawa za kifua kikuu miezi sita, wala pumzi haiongezeki. Tena aliyekwisha pona kifua kikuu aweza kubaki na makovu mapafuni. Huyo naye huenda akaanzishiwa dawa upya bure.

Na sababu huko kwetu ni tele. Liko vumbi la mawe ya dhahabu Macalder, moshi wa kuni jikoni, moshi wa kukaushia mbuta kando ya ziwa, na mabanda ya tumbaku kule Kuria. (Wavutaji sigareti wasikasirike, nao wamo.) Shirika la Afya Duniani lasema ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Wako wasemao: zinunuliwe mashine, basi. Sisi wa reli hatukubali. Injini hapewi mtu ambaye hakukaa kwanza na dereva mzee. Spiromita, kile chombo cha kupuliza kipimacho pumzi, ni vivyo hivyo: nesi asiyejua kumhimiza mgonjwa apulize kwa nguvu hadi mwisho atapata hesabu ya uongo. Hata dawa ya kuvuta ina kazi yake: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi sekunde kumi. Asiyeonyeshwa, dawa yaishia mdomoni na shilingi zake zimepotea.

Twazitaka Serikali za kaunti, zenye kuajiri manesi na matabibu wa dispensari, ziwafundishe hapo hapo kazini, mbele ya wagonjwa, si siku mbili hotelini. Mwalimu arudi baada ya miezi michache kuwatazama, na waliofundishwa wasihamishwe upesi. Makatibu wa matawi walitie jambo hili katika orodha ya mkutano ujao, kabla ya lile la sare.