Liuyang haina bahari, lakini ina meli

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi, testi zimenibana mpaka kooni. Leo nina la moyoni, na halihusu bumu wala wali wa kantini, kwa hiyo mliokuja kutafuta umbeya rudini Ijumaa.

Ile gemu ya kwenye kompyuta, ya kubofya viboksi vya kijivu, ukibahatika unapata namba na ukikosea bomu linakulipukia, wote tunaijua. Kuna watu walimaliza mwaka wa kwanza hawajafanya kingine maabara. Wachina wanaiita saolei. Neno hilohilo ndilo wanalotumia kwa kazi yenyewe ya kweli, ya kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini. Sao ni kufagia, lei ni radi. Bomu la majini ni shuilei, radi ya maji. Yaani mabaharia wao kazi yao ni kufagia radi. Sijui nani alibuni maneno hayo lakini apewe soda.

Sasa, jeshi la majini la China lina meli maalumu za kufagia, ndogo ukizilinganisha na manowari zao nyingine. Na hizi za miaka ya karibuni nyingi zimepewa majina ya wilaya. Si ya majemadari, si ya marais. Wilaya! Kuna meli inaitwa Huoqiu, kuna Liuyang, kuna Xiaoyi, Rongcheng, Donggang, Taishan, Heshan, Kunshan. Mimi nasema huo ni utaratibu wa kupa meli majina wenye akili kuliko mwingine wowote ninaoufahamu, ingawa mwenzangu wa chumba hakubali, na sababu yake nitaifikia, maana si ya kupuuzwa.

Kwanza ngazi zilivyo. Wachina walitoa kanuni za majina ya meli za kivita mwaka 1978, wakazirekebisha 1986. Meli za kubeba ndege zinapewa majimbo: Liaoning, Shandong, Fujian. Manowari kubwa za makombora zinapewa miji. Meli za kushusha askari na vifaru zinapewa milima. Za kubeba mafuta na vyakula vya wenzao zinapewa maziwa. Nyambizi za nyuklia zinaitwa Changzheng, yaani Safari Ndefu, na namba mbele yake. Ukiendelea kushuka, huko chini kwenye meli ndogo, ndipo unapokuta majina ya ngazi ya xian. Xian ni kama wilaya kwetu. Ni ngazi ya utawala yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na ukihesabu wilaya zenyewe pamoja na miji na maeneo yenye hadhi sawa na wilaya, wanazo zaidi ya 2,800. Hizo ndizo Liwale zao.

(Ndiyo, natoka Liwale. Hapana, haiko Mtwara. Iko Lindi. Nimejibu hilo swali tangu siku ya kwanza ya usajili na nitalijibu mpaka mahafali.)

Sasa angalia kazi yenyewe. Bomu la majini linaweza kufungwa kwa waya chini ya maji, likaelea halionekani, likasubiri kuguswa. Mengine hayangoji kuguswa, yanasikia sumaku ya chuma cha meli, au mlio wa injini, au mgandamizo wa maji meli inapopita juu. Meli ya kufagia hukokota vifaa vya kukata waya, au vifaa vya kuigiza sumaku na kelele za meli kubwa ili bomu lidanganyike lilipuke mahali pasipo na mtu. Inakwenda polepole, mstari kwa mstari, kama mama anayefagia uwanja alfajiri. Na inatangulia. Hilo ndilo la msingi: kila meli nyingine inakuja baada yake.

Mwaka 1950 huko Wonsan, Korea, Wamarekani walitaka kushusha askari ufukweni wakakuta bahari imejaa mabomu. Tarehe 12 Oktoba meli zao mbili za kufagia, Pirate na Pledge, zilizama siku moja. Zile meli kubwa zenye maelfu ya askari zikabaki baharini zinapanda na kushuka kama daladala iliyokosa abiria, mpaka vijimeli vifungue njia. Mwaka huohuo Wachina wenyewe walikuwa na shida kama hiyo kwenye mdomo wa mto Yangtze, ambako wapinzani wao walikuwa wametega mabomu na meli zikawa zinazama. Jeshi lao la majini lilikuwa changa, halina vifaa, ikabidi wageuze vyombo vya kushushia askari viwe mafagio. Halafu 1972 Marekani ilipoziba bandari ya Haiphong kwa mabomu, China ikapeleka meli zake za kufagia kuwasaidia Wavietnam. Hizi si kazi za kupigiwa gwaride. Ukifanya vizuri, kinachotokea ni kwamba hakuna kilichotokea.

Na kazi hiyo ndiyo waliyoipa wilaya.

Tuzitazame basi hizo wilaya, maana hapo ndipo uhondo ulipo. Liuyang iko jimbo la Hunan, katikati ya nchi, bahari wanaiona kwenye televisheni. Inajulikana dunia nzima kwa kitu kimoja: fataki. Zile fashifashi za mkesha wa mwaka mpya, kwa vizazi na vizazi wao ndio mafundi wa baruti. Halafu meli inayotegua milipuko ikaitwa Liuyang! Kama kuna mtu ofisini alikaa akacheka kimoyomoyo wakati anasaini, nampa mkono.

Lakini Liuyang ina jambo jingine. Huko ndiko alikozaliwa Hu Yaobang mwaka 1915. Huyu alikuwa katibu mkuu wa chama chao, akaondolewa Januari 1987 kwa kuonekana amewalegezea wanafunzi waliokuwa wanaandamana. Alipofariki tarehe 15 Aprili 1989, wanafunzi wa vyuo vya Beijing wakaenda uwanja wa Tiananmen kumwomboleza, na maombolezo hayo yakazaa yale maandamano yaliyomalizwa kwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa halitajwi hovyo. Mpaka 2005 ndipo ilipofanyika kumbukumbu rasmi ya kuzaliwa kwake. Sasa fikiria kama meli zao zingekuwa zinapewa majina ya viongozi. Jina lingepakwa rangi 1982, likakwanguliwa 1987, halafu miaka ishirini baadaye wanajadiliana kama walirudishe. Mahali hapana tatizo hilo. Liuyang haijawahi kufukuzwa kazi. Mtu wa kwao akiiona meli ile anajua mwenyewe anamkumbuka nani, na hakuna wa kumuuliza.

Najua wana meli chache zenye majina ya watu. Kuna ya mafunzo inaitwa Zheng He, yule amiri ambaye misafara yake ilifika mpaka pwani yetu miaka ya 1400. Kuna nyingine inaitwa Shichang, kwa heshima ya kapteni Deng Shichang aliyekufa na meli yake kwenye vita na Wajapani tarehe 17 Septemba 1894. Vita hiyo ilipiganwa karibu na Dadonggou, ambayo leo imo ndani ya Donggang. Na Donggang ni moja ya meli za kufagia. Kwa hiyo kapteni ana meli yake na maji alikozama yana meli yao. Hapo sina la kuongeza.

Taishan ndiyo inayonigusa zaidi. Iko Guangdong, kusini, na hii bahari inayo. Bahari hiyo ndiyo iliyowachukua watu wake. Karne ya 19 vijana wa Taishan na wilaya jirani walipanda meli kwenda California, wakachimba dhahabu, wakajenga reli ya kuvuka Marekani iliyokamilika 1869. Baada ya hapo, mwaka 1882, Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie. Kwa muda mrefu ukikutana na Mchina Marekani, uwezekano mkubwa ni kwamba kwao ni Taishan au hapo jirani. Wilaya iliyotoa watu wake kwa bahari leo jina lake linaifagia bahari ipitike.

Za wengine nitapita haraka. Rongcheng wanalima mwani, nadhani wangeelewana na akina mama wa Paje na Jambiani japo mwani wao ni wa maji baridi. Kunshan ni viwanda vya kompyuta, hiyo laptop unayosomea hapa huenda imepita mikononi mwao. Xiaoyi ni makaa ya mawe, na jina lake lina maana ya utiifu kwa wazazi na uadilifu, jina zito kweli kulibandika kwenye chombo kidogo.

Sasa mkia. Mwaka 2024 meli mbili za kivita za China zilikuja Dar es Salaam kwa mazoezi ya pamoja na jeshi letu na Msumbiji. Moja ilikuwa Wuzhishan, jina la mlima. Nyingine Hefei, jina la mji mkuu wa jimbo la Anhui. Huoqiu nayo ni wilaya ya Anhui hiyohiyo. Umeona mchezo? Mji mkuu wa jimbo unatumwa kusalimia wageni, unapigiwa bendi, unapigwa picha. Wilaya iko nyumbani inafagia. Hapo mwenzangu wa chumba ananiwahi: hata kwenye kufa wadogo ndio wanaotangulizwa, wewe unashangilia nini? Na anasema jina ni rahisi kuliko lami. Wilaya ikiomba barabara inapewa meli.

Hoja ya lami naikubali nusu. Nusu nyingine ni hii: China imekuwa desturi mji wenye meli kuitembelea meli yake, viongozi wanapeleka zawadi, hasa karibu na tarehe 1 Agosti, siku ya jeshi lao. Kwa hiyo kuna mtu Huoqiu, kilomita mia kadhaa kutoka majini, anayeuliza meli yetu iko wapi, ina hali gani. Mtu wa namna hiyo ni mgumu kumdanganya siku meli isiporudi. Jina la jemadari marehemu halina mtu wa kuuliza hivyo.

Lakini mwenzangu kwao ni Bukoba. Na hapa ndipo alipo na haki ya kuzungumza kuliko mimi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakapotea. Tangu hapo, anasema, ukitaja kwao kwa mtu mgeni, kitu cha kwanza kinachomjia si ndizi wala senene wala ziwa. Ni meli. Mji mzima ukageuka jina la msiba. Ananiambia: wewe unataka MV Liwale? Je, ikizama? Utakuwa unatoka wapi?

Nimelala na swali hilo siku tatu. Jibu langu ni kwamba msiba ule ungekuwepo hata kama meli ingeitwa kwa jina la mtu. MV Nyerere ilipozama Ukara Septemba 2018 jina kubwa namna ile halikumwokoa mtu. Tofauti ni kwamba Bukoba wameubeba msiba wao kwa jina lao, hakuna awezaye kuuhamisha wala kuusahau kwa niaba yao. Ni mzigo, sikatai. Mwenzangu anasema hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuzika. Pengine. Bado nasema afadhali kubeba kuliko kutotajwa kabisa.

Maana hapa chuoni kwetu mabweni, kumbi, barabara, vyote vina majina ya wakubwa, na kila ukuta mpya ukisimama watu wanaanza kunong'ona utaitwa nani. Hakuna anayenong'ona utaitwa wapi. Watu wa Liwale walivamia boma la Wajerumani mwaka 1905, mwanzoni kabisa mwa Maji Maji, walitangulia kama meli za kufagia zinavyotangulia, na leo mtu ananiuliza kama ni Mtwara. Mniwekee hata pantoni. Hata mtumbwi wa doria. Liwale hatuna bahari, lakini Liuyang nao hawana.

Haya, maji yameanza kutoka bombani na foleni ya ndoo imeshafika kwenye ngazi. Nakimbia. Testi ya takwimu Jumatatu, mwenye pasti pepa za miaka mitatu iliyopita anitafute chumbani, nina korosho.